Muulize Shangazi: Macho Hayana Pazia

*Shangazi, nina boti ya kupeleka watalii kuona pomboo hapa Kizimkazi. Nimeandika bango la Kiingereza: "Come and ogle our dolphins." Kamusi ya simu iliniambia ogle ni kutazama kwa hamu, na mimi hamu ndiyo biashara yangu. Wageni wanalipiga picha bango, wanacheka, kisha wanapanda boti ya jirani.*
Nahodha

Nahodha mwanangu, hamu ziko za aina nyingi, na kamusi yako haikukwambia ni ipi. Ogle iliingia Kiingereza karne ya 17, yaelekea kutoka kwa Waholanzi au jirani zao Wajerumani wa kaskazini, na ndani yake mna jicho. Kazi yake ni moja: kumtazama mtu kwa uchu, yale macho ya vijana wa barazani binti akipita. Sasa wewe umewaalika watu wazima na watoto wao waje kuwatamani pomboo!

Andika watch. Hilo ni neno la kitu kinachosogea, ambacho mtazamaji anangoja kifanye jambo: mpira, ndege, pomboo, hata maziwa jikoni. Look at ni kuelekeza macho tu, hata kama kinachotazamwa ni ukuta.

*Shangazi, binti wa ghorofa ya pili hapa Kisauni anapenda Kiingereza. Nikamtumia ujumbe: "Every morning I glare at you from my window." Amenibloku, na kaka yake ananitafuta.*
Mahabuba

Kaka mtu simlaumu. Glare kwanza ilikuwa mwanga unaochoma macho, kama taa za lori linalokuja mbele yako usiku. Baadaye macho ya hasira nayo yakapewa jina hilo. Kwa hiyo umemjulisha binti kwamba kila kukicha unamtolea macho ya ugomvi.

Ulichokuwa unakitafuta ni gaze. Hapo jicho limetulia, halina haraka, chai inapoa mezani na mwenyewe hana habari. Ndivyo watu wanavyotazama bahari, nyota, au mtoto aliyelala. Stare isingekuokoa pia: mzizi wake wa kale ni wa ukakamavu, na hadi leo ni jicho lililoganda, lisilojali anayetazamwa anajisikiaje.

Lakini usitambe na gaze. Mwaka 1975 Laura Mulvey, Mwingereza, aliandika makala kuhusu sinema za Hollywood, akaonyesha jinsi kamera inavyomkagua mwanamke kwa jicho la mwanamume. Tangu hapo, kwa wasomi, neno hilo tamu limekuwa nusu shtaka. Binti akiwa chuoni, jiandae kuulizwa. Na hiyo "from my window" haina neno la Kiingereza litakaloitakasa. Shuka ngazi, kaamkie mama yake.

*Shangazi, mume wangu amefika London juzi juzi kutoka Tanga. Ndani ya treni anamkagua kila abiria kuanzia viatu hadi kofia. Nimemwonyesha bango linalosema kumkodolea mtu macho kingono ni unyanyasaji. Anajibu kwamba yeye hana nia mbaya.*
Nimechoka, London

Pole, mwanangu. Nia ya mumeo naiamini, ila abiria wa kiti cha mbele hana pa kuisomea. Mabango hayo yameandikwa staring, hayakuandikwa looking. Anachofanya yeye, nikikusikiliza vizuri, ni gawk: ushamba wa macho, mshangao usiojificha. Mdomo ukifunguka kabisa, inakuwa gape. Hayo yote si jinai, ni aibu tu, na kwenye treni za chini ya ardhi aibu hiyo inakuwa kubwa kwa sababu wenyeji wamekubaliana kutoonana. Mnunulie kitabu. Asipokisoma, akishike.

*Shangazi, peer na peep zina tofauti gani? Nina mtihani kesho.*
Kidato cha Tatu

Anayepeer haoni vizuri: babu na gazeti, miwani kaiacha chumbani. Anayepeep anaona vizuri sana, ila hataki aonekane. Kwenye mtihani usifanye yoyote kati ya hayo.

*Shangazi, mke wangu hunitolea macho kila nikichelewa kurudi. Waingereza hulitumia neno gani?*
Baba Zuhura

Glare. Ulikuwa wapi?