Sasisho Lililotukuta Tunavaa Viatu

Tangu mwanzo wa Desemba, kila asubuhi kabla ya chai, mwanangu wa miaka 9 alishuka ngazi hadi maegesho yaliyo chini ya jengo letu hapa Oslo. Alifungua mlango wa gari, akangoja kioo kiwake, kisha akapanda mbio na jibu lile lile: "Baba, bado."

Tulikuwa tunasubiri sasisho. Gari letu ni la umeme, kama yalivyo mengi hapa Norwe, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya betri tupu. Gari la namna hii haliishii kiwandani. Tesla ilianza mwaka 2012 kulipelekea gari lake la Model S programu mpya kwa njia ya mtandao, na watengenezaji wengine wakafuata. Unalilaza gari likiwa hivi, unaamka limeongezewa jambo.

Jambo tuliloahidiwa sisi ni kitufe cha kupasha betri moto kabla ya kufika kituo cha kuchaji. Kwa anayeishi kwenye baridi, hilo si dogo. Betri ya lithiamu ikipoa sana haipokei umeme kwa kasi. Ukiilazimisha, lithiamu hujijenga kama utando wa chuma ndani yake na kuiharibu. Kwa hiyo gari lenyewe huubana umeme. Mwaka wa juzi, njiani kwenda Trondheim, tulikaa kituoni Dombås saa nzima na nusu. Watoto walijifunika kanga za mama yao juu ya makoti, na maandazi yaliisha tukiwa bado pale pale. Nilipousoma ujumbe kwamba kitufe kinakuja, niliuhesabu kuwa ahadi.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Jirani yetu mzee, mwenye gari kama letu, akatuambia lake limeshapata. Mke wangu alipiga simu mara tatu kwa wenye kampuni. Akajibiwa kwa upole kuwa masasisho hutolewa kwa mafungu, tuwe na subira. Hilo la mafungu nalielewa. Programu yenye kasoro ikipelekwa kwenye magari yote kwa mpigo, yote yataugua kwa mpigo. Ikianza kwa machache, kasoro huonekana mapema. Lakini fungu letu lilikuwa la ngapi? Hakuna aliyetuambia.

Aliyefumbua fumbo ni binti yetu. Jioni moja alishuka na kaka yake, akajaribu kumpigia rafiki yake, simu ikakataa. Akarudi jikoni: "Baba, kule chini hakuna mtandao hata kidogo." Nilibaki nimeshika mwiko. Tulikuwa tumelificha gari chini, kwenye joto, kwa nia ya kulitunza, na zege lile nene likalifungia kila habari. Safari zetu za dakika 10 kwenda shuleni hazikutosha kupakua faili kubwa kama lile. Gari la mzee lililala nje, kwenye theluji, na mtandao ukalifikia.

Usiku ule mke wangu alilitoa akaliegesha uani, chini ya dirisha la jiko. Ruta tukaivuta hadi mwisho wa waya, tukaipandisha juu ya kopo la unga wa sembe, ikiegemea kioo cha dirisha. Saa 5 simu yangu ikalia: programu imepakuliwa, iko tayari kusakinishwa. Tulikumbatiana pale pale. Tukakubaliana kuisakinisha kesho usiku, baada ya kumpokea mama mkwe, ambaye alikuwa anatua uwanja wa Gardermoen saa 8 mchana.

Kesho yake mchana tulikuwa mlangoni tunavaa viatu. Mwanangu akatangulia. Yeye aliyeleta "bado" kwa wiki zote zile alikikuta kioo kikimuuliza kama tuanze, akafanya alichoamini kitatufurahisha: akabonyeza. Nilipofika, mstari mwembamba ulikuwa unatambaa juu ya maneno: dakika 45, gari haliwezi kuendeshwa. Mtoto alinitazama, midomo inamtetemeka. Nilimkumbatia kwenye theluji ile. Tulikuwa tumekubaliana watu wawili, usiku, yeye amelala. Hakuna aliyemweleza kwamba imebaki kungoja siku moja tu.

Mke wangu alikwenda kwa treni. Mama mkwe aliingia nyumbani jioni amevaa koti langu refu, kanga mbili kichwani. Alipokwisha kuitikia shikamoo zetu na kukisikiliza kisa chote, akauliza: "Sasa hao wenye programu yao, kuwaambia zamu yenu kuliwashinda nini, baba? Kwetu Tanga umeme ukiwa wa mgao, watu wanataka ratiba. Mtu akiijua siku yake, husubiri vizuri."

Ipo Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 156, iliyoanza kutumika mwaka 2021. Inataka mwenye gari aelezwe kabla ya sasisho: ni la nini, litachukua muda gani, na nini hakitafanya kazi wakati huo. Likishindikana, gari lirudi kwenye programu ya awali au libaki katika hali salama. Ni kanuni njema. Mimi nadai neno moja kwa ajili ya zile wiki za kabla. Kama zamu yetu ilishafika na gari halipatikani, ujumbe mfupi wa simu ungetosha: litoeni nje. Subira tulikuwa nayo. Tulichokosa ni habari.

Jumamosi iliyofuata tulimpeleka mama Trondheim akamwone binti yake mdogo. Nje kulikuwa na nyuzi 14 chini ya sifuri. Kilomita 40 kabla ya Dombås nilimwambia mwanangu, aliyekaa mbele kwa heshima ya siku hiyo, kwamba kitufe ni chake. Alinyoosha kidole, akakizuia hewani. Akamgeukia mama yake, kisha bibi.

"Sasa?"

"Sasa, mwanangu," bibi akamjibu.

Kituoni tulikaa dakika 35. Tulipoondoka, chai ya chupa ilikuwa bado nusu, na ya moto.