Hotuba ya Profesa wa Kalori kwa Wanoaji Visu wa Makina

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mama wa chapati, vijana wa maji, nanyi wanoaji visu mlionizunguka kwa sababu nimesimama pale mnapofanyia kazi: itifaki zote zizingatiwe. Mimi ni Profesa wa Kalori. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote, na hiyo ndiyo nguvu yake, maana hakuna chuo kitakachoweza kuninyang'anya. Nimetoka Kawangware asubuhi hii kuja kuwaelimisha watu wa Makina hapa Kibera, na ushahidi nimeuvaa mkononi.

Tazameni saa hii. Inapima mapigo ya moyo, hatua, usingizi, na kalori zote unazochoma ukiendesha baiskeli. Nani ameuliza kalori ni nini? Swali la kitoto, lakini nitalijibu: ni kipimo cha joto. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Connecticut, Marekani, bwana Wilbur Atwater alimfungia mtu katika chumba kidogo kuliko hivi vyenu vya futi 10 kwa 10, akampa baiskeli isiyokwenda popote, kisha akapima joto lililomtoka. Ndiyo, mama, alimlisha. Kila tonge lilipimwa. Ni kazi za Atwater zilizotuachia hesabu kwamba gramu ya wanga ina kalori 4 na gramu ya mafuta 9. Yeye alihitaji chumba kizima, mabomba ya maji na wasaidizi. Mimi nahitaji mkanda wa mpira.

Chini ya saa kuna taa ya kijani. Inamulika damu ikija na kupungua, inahesabu pigo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwavisha watu 60 vifaa vya aina 7. Kwenye baiskeli, mapigo yalihesabiwa vizuri ajabu, kosa la kati asilimia 1.8 tu. Makofi! Upande wa kalori, kifaa kilichoongoza kilikosea kwa asilimia 27, na kilichoburura mkia kwa asilimia 93. Mbona makofi yamekatika? Shuleni kwetu aliyepata 93 alibebwa juu juu.

Watafiti haohao waliona kosa likiongezeka kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Ndiyo maana mimi saa naivaa upande wa ndani wa mkono, ambako ni mweupe kidogo.

Mtauliza, mapigo yakiwa sahihi, kalori zinaharibikia wapi? Saa inakuuliza umri, kilo, wewe mwanamume au mwanamke. Inaangalia moyo. Yaliyobaki inajijazia yenyewe, kama karani wa sensa aliyekuta mlango umefungwa. Na moyo hupiga mbio kwa mengi: jua, kiu, chai kali, mwenye nyumba akibisha hodi tarehe 5. Mimi binafsi, tarehe 5 ya mwezi uliopita, nilichoma kalori 400 nikiwa chini ya kitanda.

Sasa wewe kijana wa maji, sogea. Baiskeli yako ya Black Mamba tuseme kilo 20, wewe mwenyewe 70, mitungi minne ya lita 20. Jumla kilo 170. Unaipandisha kutoka bondeni, mita 30 kwenda juu. Programu ya simu inaona nini? Inaona mtu wa kilomita 9 kwa saa. Inafungua jedwali la wataalamu, ambamo baiskeli iliyo chini ya kilomita 16 kwa saa imewekwa fungu moja na ya kujiburudisha: kalori 4 kwa kila kilo ya mwili, kwa saa. Kwa hiyo, kijana, wewe unajiburudisha. Mitungi haimo kwenye jedwali. Yule anayekupita keria tupu, mwendo wa kilomita 20, anaandikiwa 8. Tafadhali usinirushie kifuniko.

Wenye wivu husema dawa ni kipima nguvu, kinachofungwa kwenye pedali. Hicho hakiulizi umri wala moyo. Kinapima mguu unasukuma kwa nguvu gani na pedali inazunguka kwa kasi gani, basi. Chris Froome, aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa baiskeli na David Kinjah kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, alijulikana dunia nzima kwa kuinamia kifaa hicho, na Tour de France akaishinda mara 4. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza kama robo tu ya nishati yake kuwa kazi, mara nyingi hata haifiki. Iliyobaki yote ni joto. Na kalori moja ya chakula ni kilojuli 4 na kitu. Robo na nne zinafutana, kwa hiyo kilojuli moja ya kazi kwenye pedali ni karibu kalori moja mwilini. Hesabu tamu! Tuifanye hapa hapa. Kilo 170, mita 30... kilojuli 50. Kalori hamsini na kidogo.

Yaani vijiko vitatu vya sukari.

Kijana amenyamaza. Hata mimi nimeshtuka, nilikuwa nimepanga kumwahidi kalori elfu. Ndiyo sababu sikipendi kipima nguvu: bei yake inanunua Black Mamba kadhaa, na ukweli wake ni wa kijiko. Anasemaje? Anapanda mara ishirini kwa siku? Basi elfu imetimia, na hapo hatujagusa matope. Profesa hakosei.

Tumalizie kwa fundi wa visu. Baiskeli yake imesimamishwa juu ya stendi, anapiga pedali kutwa, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Baiskeli isiyokwenda popote! Atwater angemwona angelia kwa furaha. Nimemvisha saa yangu dakika kumi akininolea kisu. Mikono yake haikutikisika, ilikuwa imeshika kisu. Saa imeandika: umbali 0, hatua 0, na ikamshauri ainuke kidogo, amekaa sana. Mimi niliyekuja kwa matatu, kwa matuta ya njiani, nilipongezwa kwa safari ya baiskeli kabla sijashuka.

Naam, kisu kimenoleka. Ngapi? Hamsini? Fundi wangu, kwa mujibu wa saa hukufanya kazi yoyote. Msicheke, hii ni sayansi. Basi nikulipe kwa kalori, ninazo 612 tangu asubuhi. Rehani? Saa hii? Ngoja, fundi, usinishike mkono. Mapigo 140. Inauliza kama nimeanza kuendesha baiskeli.

Nabonyeza ndiyo.