Bosi Anatoka Saa Kumi na Mbili

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye gengi, akikagua mataruma na misumari kwa miguu kandokando ya reli ya kati, na siku aliyorudisha nyundo na bendera alitutangazia sote kwamba kutembea amemaliza. Anayemtaka amfuate kitini. Ndiyo maana daktari alipomwambia, "Mzee, sukari imepanda, anza kutembea," yeye aliuliza swali moja tu: "Nitembee niende wapi?"

Pale kliniki watu walicheka, ila mimi naona swali lile lilikuwa na akili kuliko ushauri wenyewe. Dodoma mzee hatembei bure. Anakwenda msibani, kikaoni, ibadani, mnadani Msalato. Akionekana alfajiri anazunguka mitaa ya Nkuhungu bila jembe wala bahasha mkononi, kila atakayemwamkia "Mbukwa, Mzee" ataongeza "kwema huko?", na kabla ya saa nne sisi watoto tutakuwa tumeshapigiwa simu kuulizwa kama Mzee wetu yuko sawa. Kijana akikimbia asubuhi anafanya mazoezi. Mzee akifanya hivyo hivyo, ukoo unakaa kikao.

Kipimo chake cha asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, kilikuwa kimevuka 7, na kiliporudiwa siku nyingine kikavuka tena. Hapo hakuna tena maneno ya "punguza chumvi, punguza wanga". Hicho ni kisukari. Wala hayuko peke yake. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila 100. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, ulikuta karibu tisa katika kila 100. Baba alipoelezwa haya alisema enzi hizo walikula ugali wa uwele na mlenda, na shamba lilikuwa mbali. Mama akamwambia uwele bado unauzwa Majengo.

Kaka yangu, mtumishi wa serikali pale Mtumba na msomaji wa kila kitu, ndiye aliyekuja na dawa. Aliingia Jumapili na boksi, ndani yake mtoto wa mbwa wa rangi ya vumbi, masikio hayajaamua kusimama au kulala. Akatusomea kwenye simu kwamba Uingereza mwaka 2017 watafiti waliwafuatilia wazee wa miaka 65 na zaidi, wakakuta wanaofuga mbwa wanatembea dakika 22 zaidi kwa siku kuliko wasiofuga, yaani hatua 2,760. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wenzetu wanaletewa dawa, sisi tumeletewa mbwa."

Wajukuu walimpa jina la Bosi, jambo ambalo lingewezekana katika mji wowote isipokuwa huu. Siku moja Kaka alipokea simu ndani ya daladala, akajibu kwa sauti ya mshtuko, "Bosi amekojoa kwenye zulia tena?" Anasema abiria wote walinyamaza, na mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni alimuuliza kwa upole ni wa wizara gani.

Sasa, kuna jambo ambalo Kaka na simu yake hawakuliona. Mbwa wa Uingereza anaishi ndani, na kwa haja zake lazima apelekwe nje kwa kamba. Kwetu mbwa ni mlinzi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, na getini pana kibao cha "Mbwa Mkali". Mfugaji wa namna hiyo haongezi hata hatua moja. Anayefanya mazoezi ni mbwa, tena gizani, mwenyewe akiwa amelala. Fundi wa banda alikuwa ameshapima mbao pale Mama alipotoka jikoni na kumrudisha alikotoka. "Hapa hapajengwi banda. Huyu atatoka saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na wa kumtoa ni yule anayesema hana pa kwenda." Mimi nasema tiba ya Baba ilianzia kwenye sentensi ile. Mbwa alikuwa kamba tu.

Safari ya kwanza ilirudi na jeraha. Baba alitoka na malapa, na mwenye kuijua Dodoma wakati wa kiangazi anajua mbigili. Mwiba ulipenya soli ukaingia kisiginoni, naye akarudi nao hadi sebuleni bila kuusikia. Aliyeuona ni mjukuu, kwa alama za damu sakafuni. Jambo hili halikumchekesha daktari hata kidogo. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, kidonda kinaota bila maumivu, na kwa kuwa damu haifiki vizuri hakiponi, watu wanakatwa miguu. Tangu siku ile Baba hatoki bila viatu vya kufunika na soksi, na kila jioni Mama anamgeuza nyayo na kuzikagua kwa tochi. Yeye analalamika kwamba amekuwa yeye ndiye taruma.

Kisha likatokea la Hajati, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa ametia udhu, anatoka kwenda kuswali, na Bosi kwa furaha ya kumwona mtu akaruka akamlamba mkono na kulipaka mate baibui lake. Kwa madhehebu yake mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na siku ile ilikuwa ya mgao wa maji. Baba hakungoja kuambiwa. Alibeba ndoo kutoka kwenye tangi letu mpaka kwa Hajati, akarudi, akabeba nyingine, mpaka hesabu ikatimia kwa ziada, huku akiomba radhi kila anapovuka kizingiti. Hajati alimsamehe. Sharti lake lilikuwa moja, kamba iwe fupi mbele ya mlango wake, nayo ni fupi hadi leo.

Asubuhi zikaenda. Mtu akiuliza "Mzee, unaelekea wapi?" Baba alijibu kwa utulivu wa mwenye shughuli rasmi: "Nampeleka mbwa." Hakuna aliyepiga simu kwa ndugu tena. Kaka akazidi kujigamba, akatukumbusha mezani kwamba hata insulini tunadaiwa na mbwa: mwaka 1889 kule Strasbourg Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akaugua kisukari, na mwaka 1921 Banting na Best wa Toronto waliwatibu mbwa wa aina hiyo kwa maji ya kongosho, hata Januari 1922 akachomwa sindano mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson. Wajukuu walitaka kujua wale mbwa waliishia wapi. Kaka akabadilisha mazungumzo.

Tatizo ni kwamba sukari haikushuka. Misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapozembea, na nusu saa kwa siku tano za wiki inatimiza zile dakika 150 linazozitaka Shirika la Afya Duniani. Baba alikuwa akizipita. Uzito haukusogea. Kliniki waliuliza anakula nini, Mama akaapa kwamba nyumbani chai ni kavu na ugali ni wa mtama, saizi ya ngumi. Tukaanza kuzilaumu zabibu, maana msimu ulikuwa umefika na Baba hushikilia kwamba tunda la Mungu halihesabiwi.

Jibu lililetwa na mafua. Baba alishindwa kuamka, Mama akavaa raba za mjukuu na kuishika kamba mwenyewe. Hakujua njia, Bosi aliijua. Alimvuta moja kwa moja hadi karibu na reli, akakata kona bila kusita, akaingia kwenye kibanda cha mama wa maandazi na kukaa chini ya benchi la pembeni, mdomo juu, akisubiri. Mama wa maandazi, bila kuinua macho kwenye karai, akasema, "Leo Mzee yuko wapi? Ya kwake mawili nimeshamtolea, na la Bosi hili hapa. Chai niweke sukari tatu kama kawaida?"

Mama alilipa deni, maana lilikuwepo, akarudi nyumbani. Baba alijitetea kutoka chini ya blanketi kwamba alikuwa akimpumzisha mbwa. Hukumu ilitolewa papo hapo: safari iendelee, njia ibadilishwe, na Mama atakuwemo. Walipokwenda kliniki pamoja, Mama naye akapimwa, kwa mara ya kwanza maishani, na yuko salama.

Siku hizi wanapita upande wa pili wa reli, na kipimo cha asubuhi cha Baba kimerudi chini ya 7. Vidonge vya metfomini bado anameza. Daktari amemkataza kuviacha kwa sababu ya mbwa. Bosi alitaabika kidogo kwa andazi lake, kisha akazoea. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Yake imekaribia, na Baba ameshamwambia Kaka kwamba gari halitahitajika.