Vitumbua Vigani

Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa 22 sasa, na akirekodi ujumbe wa sauti huwa yuko jikoni: masufuria yanagongana, bomba linamwaga maji, na wewe uliye Tandika unaokota maneno mawili matatu. Siku aliyonitangazia kwamba binti yake anakuja Dar kwa wiki tatu, niliokota hivi: "Kaka, mtoto nakuletea, lakini chakula chake ni vigani."

Nikamjibu, "Ndiyo nakuuliza mimi. Chakula chake ni kipi?"

"Vigani."

"Hata mimi nataka kujua ni vi gani."

Tulikwenda hivyo ujumbe sita, kila mmoja akidhani mwenzake umri umeanza kumla akili, mpaka alipofunga bomba na kunieleza polepole kama anayenisomea hati ya nyumba. Hali nyama, hali samaki, hali kuku. Hanywi maziwa, hagusi mayai, hagusi siagi, hagusi asali. Kwa ufupi, chochote kilichotoka kwa kiumbe mwenye mama yake.

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, aliuliza swali moja tu: "Anaumwa?"

Haumwi. Mpwa wangu alishuka uwanja wa ndege na afya yake yote, shikamoo yake imenyooka, Kiswahili chake kikiwa na matundu machache ya mtoto aliyekulia nje. Ndani ya teksi akaanza kunipa darasa. Neno lenyewe, alisema, limetungwa na mtu wa mji wao: Donald Watson, mwalimu wa useremala aliyekuwa akiishi Leicester, mmoja wa walioanzisha chama cha watu hawa Novemba 1944. Vita vya Pili vya Dunia havijaisha, Waingereza wanapimiwa mayai na siagi kwa kadi, na yeye akaona hata hicho kidogo nacho kiachwe. Akachukua neno la Kiingereza la mla mboga, akabakiza herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho, katikati akatupa. Seremala ni seremala, akiona ubao mrefu mkono unamwasha. Nikataka kucheka, mpwa akaniwahi: mzee huyo alikufa 2005 akiwa na miaka 95. Nikameza kicheko.

Usiku nilijaribu msumeno wa Watson kwenye maneno yetu. Mlaji mboga: herufi tatu za mwanzo, mbili za mwisho. Nikapata "mlaga". Kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, huyo ni mtu anayelaga kila kitu. Nikalala.

Chakula cha kwanza alikipika mke wangu, tena kwa kufikiri sana. Pilau bila nyama. Akaiweka mezani akisubiri sifa. Mpwa akaitazama rangi yake nzuri ya kahawia, akauliza kwa adabu imetokana na nini.

"Supu ya nyama," mke wangu akasema. "Lakini nyama yenyewe nimeitoa yote. Hata kipande kimoja hukikuti."

Mpwa akala kachumbari na ndizi mbili. Pilau nikaila mimi, ya kwangu na ya kwake. Likumbuke hilo, maana ndio utaratibu uliotawala wiki tatu zilizofuata.

Kesho yake tukaanza kuzunguka migahawa, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba mchawi wetu ni lugha. Mswahili akikuuliza leo mboga gani, mjibu nyama ya ng'ombe, na hakuna atakayeshtuka. Mboga ni kile kinachosindikiza wali au ugali, kiwe mchicha, kiwe kibua. Miaka yote nimelisema neno hilo bila kuliona, mpaka tuliposimama mbele ya mama lishe mmoja Kariakoo.

"Shikamoo mama," mpwa akasema. "Naomba chakula cha mboga tupu."

"Marahaba mwanangu. Mboga leo zipo nyingi. Kuku, samaki, nyama, na utumbo."

"Bila nyama."

"Basi nikupe kuku."

"Kuku si nyama?"

Mama akanigeukia mimi, kwa macho ya mtu anayeuliza mzazi ulikuwa wapi. "Nyama ni ng'ombe," akasema taratibu. "Kuku ni kuku."

Tukaafikiana kisamvu. Kimetwangwa vizuri, kimeungwa kwa nazi, kinanukia. Kijiko cha kwanza kikapita salama. Cha pili kikaja na macho mawili. Mama akautetea upishi wake: hao dagaa ni kiungo tu, wamewekwa kuleta ladha, wala hawahesabiwi kwenye bei. Mpwa akabaki na wali mweupe na chumvi. Mimi nikamaliza kisamvu, na wale wasiohesabiwa.

Nikasema basi, twende kwa wataalamu. Kule Kisutu kuna migahawa ya Wahindi ambao nyama hawaijui tangu babu wa babu zao, na huko mhudumu hakushangaa hata kidogo. Alitoa kalamu sikioni akauliza, "Kawaida au Jaini?" Mimi niliyekuja nikijiona nimeleta mgeni mgumu kuliko wote Dar es Salaam nikajikuta nimepitwa. Mjaini mshika dini hali kitunguu, hali kitunguu saumu, hali kiazi, maana ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima pamoja na wadudu waliojihifadhi kwenye udongo wake. Maziwa lakini anakunywa. Mpwa wangu maziwa hanywi, vitunguu anakula. Ukiwaweka meza moja, watagombania mchele.

Bhajia zilimfaa. Kisha zikaja chapati, zinang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Mpwa akagusa moja, akanusa kidole. Samli. Nilikula chapati saba, na kwa kuwa jibini la kwenye mchuzi nalo lilikuwa limekosa mtu, nikalisaidia.

Ijumaa moja tu nilipumzika. Tuliingia kwa Wahabeshi. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo dengu, shiro na majani yaliyoungwa bila kumsumbua mnyama yeyote ni mambo waliyoyazoea karne nyingi kabla seremala wa Leicester hajazaliwa. Mpwa alikula kila kitu, mpaka sahani, maana injera ndiyo sahani yenyewe. Hakuna kilichobaki. Nilirudi nyumbani na njaa.

Lakini vijana hawaridhiki na mambo ya karne nyingi. Simu ilikuwa imemwonyesha mgahawa mpya Masaki, wa vigani watupu. Tukapanda daladala mbili na bajaji. Ramani ikatufikisha kwenye geti jeusi lenye mbwa wawili, ambao kwa jinsi walivyotutazama walikuwa upande mwingine kabisa wa mjadala huu. Mlinzi akasema mgahawa ulikuwepo, ukahama, labda ule wenye maua mtaa wa pili. Ule wenye maua ulikuwa saluni. Tuliupata wa tatu, wenye maua vilevile, viti vya mbao za kreti, na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki ukutani kama darasa la tatu.

Humo nilikutana na zege bila mayai. Msomaji wa mbali, zege ni chipsi mayai, chakula kinachowabeba nusu ya vijana wa jiji hili, na imeitwa zege kwa sababu yai ndilo linalozishika chipsi kama saruji inavyoshika kokoto. Hawa wameshika kokoto kwa unga wa dengu na manjano. Nilijiandaa kudharau. Sikuweza, zege ilisimama. Isipokuwa mtu wa Tandika anapokula zege hutegemea pilipili ya kopo, na kijana wa pale aliniletea kijani fulani katika kibakuli cha kujazia mate.

Kisha nikaona: nyama choma ya fenesi, 28,000.

Hapa naomba subira. Nimezaliwa Muheza. Nyuma ya nyumba ya marehemu baba kuna mfenesi unaozaa mpaka tunamwomba jirani aje achukue, jirani naye anatuomba tusimwite. Mafenesi yanaanguka usiku kwa kishindo, asubuhi mbuzi wanayamaliza. Utotoni nilichapwa kwa utomvu wa fenesi kwenye shati la shule, kitu kisichotoka kwa sabuni wala dua, mpaka mafuta ya taa. Na leo fenesi changa limechambuliwa nyuzinyuzi, likachomwa, likawekewa mchuzi mweusi na ufuta, limepanda bei kuliko mbuzi waliokuwa wakililia chini ya mti. Nilipiga hesabu kwa kidole mezani: kwa sahani zile, mti wa baba ungenijengea ghorofa. Na ubaya ni kwamba lilikuwa tamu. Niliwaza kumpigia jirani.

Bili ilikuja na kodi yake ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Nilikubali kwamba thamani ya fenesi kweli imeongezeka.

Duka la vitamu tulilipata wiki ya pili, Mikocheni, dogo, lina baridi kama chumba cha maiti na vioo vinavyokuonyesha tumbo lako ukiingia. Kijana mwenye aproni akatueleza keki ya jibini. Haina jibini. Haina mayai, haina unga, wala haijaingia kwenye oveni. Chini ni tende na karanga zilizotwangwa. Juu ni korosho zilizolowekwa usiku kucha, zikasagwa na tui zito mpaka zikawa laini, zikagandishwa. Nikauliza, kwa nia njema kabisa, basi keki iko wapi. Mpwa akanikanyaga chini ya meza.

Kipande 14,000. Wakulima wa Mtwara na Lindi wakisikia korosho zao zinalala kwenye maji kwa bei hiyo, msimu ujao hawatauza, watafungua friji. Mpwa alifumba macho kwa utamu kabla hata hajaonja. Ndipo kijana, kwa fahari yote ya nchi yetu, akainamisha chupa juu ya kipande chake na kukimiminia uzi mrefu wa dhahabu.

"Asali," akasema. "Ya Tabora halisi."

Kimya.

"Nyuki si mnyama, dada," akajitetea. "Ni mdudu."

Nilikula vipande viwili. Kwa haki, kijana hakutulipisha kile cha pili, na tuliporudi siku nyingine asali ilikuwa imewekwa pembeni na karatasi yenye onyo.

Halafu ilikuja ile asubuhi umeme ulipokatika, feni ikazima, na joto likamwamsha mpwa saa kumi na moja na nusu. Kila siku alikuwa akilala mpaka saa tatu. Alitoka nje, akafuata harufu ya iliki hadi kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yetu, ambako Bibi huchoma vitumbua tangu sijahamia mtaa huu. Mimi hununua pale karibu kila siku. Haikunipitia akilini hata mara moja.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya chuma chenye mashimo saba, anahoji kama afisa wa forodha. Bibi anamwaga uji kwa upawa, anageuza kwa kijiti, anajibu bila kumtazama. Mchele umelowekwa jana, umesagwa. Sukari. Hamira. Iliki. Mafuta ya alizeti.

"Mayai?"

"Mayai ya nini, mwanangu? Halafu nimuuzie nani?"

"Maziwa?"

"Tui."

Mpwa alikuwa ameshakipeleka kitumbua mdomoni. "Tui hili unatengeneza mwenyewe, Bibi?"

"Mwenyewe. Na mbuzi yangu."

Kitumbua kikasimama hewani.

"Nimeachiwa na marehemu mama," Bibi akaendelea. "Ya zamani, lakini meno yake bado makali. Siku hizi vijana wanatumia mashine, tui halina ladha. Mimi kila jioni naikalia, nakuna."

"Unaikalia?"

"Sasa utaikunia umesimama?"

"Iko wapi?" Sauti ya mpwa ilikuwa imekwisha.

"Ndani, uvunguni mwa kitanda."

Ningeweza kuingilia mapema. Lakini nilikuwa na wiki mbili na nusu za kuchoka, nikaacha kidogo. Bibi ndiye aliyemwonea huruma. Akaagiza mjukuu, ikaletwa: kigoda kidogo cha kukunja, kimeng'aa kwa makalio ya vizazi viwili, na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Mpwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akala vitumbua kumi na moja. Shilingi 200 kimoja. Siku zake zilizobaki hakutaja tena Masaki.

Kabla hajaondoka alimchongesha seremala wa jirani kibao, akakipaka rangi ya kijani na kuandika kwa herufi kubwa: VITUMBUA VIGANI. Watu wanasimama, wanasoma, wanamjibu Bibi kuwa hata wao hawajui. Mmoja alimwambia hilo ndilo swali alilokuja kuliuliza yeye. Juzi mtu ameandika chini yake kwa chaki: VYA MIA MBILI.

Mimi nimeongezeka kilo nne, na mke wangu anasema nisimsingizie mgeni. Bibi anawasha moto saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa mbili chuma kimepoa. Ukija, njoo na chenji, yeye hana.