Kamera Isiyobembeleza: Mwongozo kwa Aliyezoea Kuhudumiwa

Simu yako inakudekeza. Mkono ukitetemeka, inatuliza mtetemo. Ukimwelekezea mtu aliyesimama gizani, inamtafutia mwanga. Inatambua uso, inapima umbali, inapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuzichanganya kuwa moja, kisha inakuonyesha hapo hapo ili ufurahi. Umelelewa vizuri. Sasa umerithi kamera ya Leica M3, au umeinunua kwa bei ambayo hutaki ijulikane nyumbani, na unauliza kitufe cha kuiwasha kiko wapi.

Hakipo. M3 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 kwenye maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani. Kiwanda chake kilikuwa Wetzlar, mji ule ule ambako Oskar Barnack, miaka 40 hivi kabla, aliunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema. M3 zaidi ya 220,000 zilitengenezwa. Haina betri, haina kipimo cha mwanga, haina kioo cha kutazamia picha uliyopiga. Ndani mna springi, magurudumu yenye meno na vitambaa viwili. Kaa nayo kama unavyokaa na mkwe: salamu kwanza, ombi baadaye. Na hatua hizi usiziruke.

Hatua ya kwanza: inama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na filamu ya M3 huingilia mvunguni. Geuza ufunguo ulio chini ya kamera, utoe bamba lote la chini. Fungua kijimlango cha nyuma. Chomoa kigurudumu cha kupokelea filamu, uchomeke ncha ya filamu ndani yake, kisha uteremshe kopo la filamu na kigurudumu hicho kwa pamoja. Angalia kwamba vitundu vya pembeni mwa filamu vimekaa kwenye meno.

Utagundua kwamba una mikono miwili na vitu vinne vya kushika. Wapiga picha wa vita walilibana bamba la chini kwa meno wakaendelea na kazi. Wewe umekaa sebuleni na hakuna anayekupiga risasi, kwa hiyo huna udhuru.

Ukishafunga, zungusha taratibu gurudumu la kurudishia filamu mpaka uhisi imekaza. Kisha vuta wenzo wa kusogeza filamu. M3 za mwanzo zinataka uvute mara mbili, za baadaye mara moja. Unapovuta, litazame lile gurudumu la kurudishia. Likizunguka lenyewe, filamu inatembea. Likitulia, filamu haikunasa, na kihesabu cha picha hakitakuambia, kwa sababu chenyewe huhesabu mivuto ya wenzo tu. Kitahesabu 10, 20 na 36 hata kamera ikiwa tupu. Ukiona kimefika 40 na bado wenzo unavutika kwa ulaini, umehudhuria harusi ya watu, umewapanga wakwe mistari mitatu, na hukupiga picha hata moja.

Hatua ya pili: vua kifuniko

Ushauri huu unaonekana wa kitoto mpaka ujue kamera ya aina hii inavyofanya kazi. Katika simu yako, na katika kamera kubwa zenye kioo cha ndani, unaona kile ambacho lenzi inaona. Kwenye M3 jicho lako linapita katika dirisha lake, juu ya lenzi na pembeni yake. Lenzi inaweza kuwa imefunikwa kabisa na wewe ukaendelea kuona bahari, mashua na watoto wanaocheka, vyote kwa uangavu mkubwa. Kamera haitalalamika. Itapiga giza 36, moja baada ya jingine, kwa utii kamili.

Ikiwa lenzi yako ni Elmar ya kusukumwa ndani, ivute nje kwanza na uizungushe mpaka ifunge. Ukiisahau ndani, kila picha itatoka na ukungu, na dirishani hutaona dalili yoyote.

Wahenga walisema macho hayana pazia. M3 inalo pazia, tena mawili: vitambaa vilivyopakwa mpira vinavyopita kwa mlalo mbele ya filamu, kimoja kikifungua na kingine kikifunga. Ukiitembeza kamera mchana kutwa lenzi ikiwa wazi na imelitazama jua, miale itakusanyika kwenye kitambaa na kukitoboa. Baada ya hapo kila picha itakuwa na doa la mwanga ambalo hukuliomba. Kwa hiyo kifuniko kivishwe unapotembea juani, kivuliwe unapopiga. Kukumbuka yote mawili ni kazi yako. Mhandisi wa Wetzlar amekuachia.

Hatua ya tatu: soma jua

Hapa ndipo wengi hukimbilia programu ya simu ya kupimia mwanga. Jizuie. Kanuni ya kale inatosha: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi namba 16, na kasi ya pazia iwe moja chini ya namba ya filamu. Filamu ya ASA 100 inapata 1/100 ya sekunde, au 1/125 kwenye M3 za baadaye. Mawingu mepesi, fungua hadi 11. Mawingu yanayofuta vivuli, 8. Wingu zito, 5.6. Kivuli chini ya mwembe mbingu ikiwa wazi, 4. Kwenye mchanga mweupe wa Paje, Zanzibar, mwanga hurudi hata kutoka chini. Pandisha kasi hadi 1/250 kwa tundu lile lile la 16.

Sisi wa karibu na Ikweta tuongeze sharti moja. Saa sita mchana jua liko utosini, na mtu aliyevaa kofia ana uso uliokaa kwenye kivuli cha kofia yake mwenyewe. Ukipiga kwa namba ya jua, shati litatoka safi na mwenye shati hatajulikana. Fungua tundu kwa hatua mbili, kutoka 16 hadi 8, uhudumie uso. Ukisita kati ya namba mbili, chagua ile inayoingiza mwanga zaidi, maana filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Naitetea kanuni hii kwa nguvu kwa sababu ina haki ndani yake. Kipimo kinachosoma mwanga unaorudi kutoka kwa mtu huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye kanzu nyeupe, kitakuamuru ufunge, na kanzu itatoka ya kijivu. Kielekeze kwenye uso mweusi, kitakuamuru ufungue, na uso utatoka umepauka. Kanuni ya jua haimuulizi mtu rangi yake. Inauliza jua linatoa mwanga kiasi gani, kisha inamwacha kila mtu atokee alivyo: kanzu nyeupe, ngozi nyeusi, katika picha moja.

Hatua ya nne: kutanisha wawili

Tazama dirishani. Katikati utaona kipande cha mstatili chenye kung'aa, na ndani yake mzimu: mtu uliyemlenga ametokea mara mbili. Mmoja anaonekana kupitia dirisha kubwa. Wa pili ameletwa na kidirisha kidogo kilicho upande wa pili wa kamera, takriban sentimita 7 kutoka hapo. Zungusha pete ya lenzi. Mkono mdogo ulio ndani ya kamera unafuata mwendo wa lenzi na kumsogeza yule wa pili. Wakikutana wakawa mtu mmoja, umbali umepatikana. Ni hesabu ya pembetatu, ile ile anayotumia mpima ardhi, imefungiwa ndani ya chuma.

Mzimu ukitoweka ghafla, usiikimbize kamera kwa fundi. Ondoa kidole chako mbele ya kidirisha kidogo.

Watu wanaotembea hawakusubiri wakutanishwe. Kwao kuna njia ya pili: pima umbali kabla hawajafika. Kwa lenzi ya milimita 50, tundu likiwa 8 na pete ikiwa mita 3, kila kilichoko kati ya mita 2.3 na 4.2 kitatoka safi. Tundu likiwa 16 na pete ikiwa mita 5, usafi unaanzia mita 2 na nusu na kwenda mbali sana. Mwenyewe usiendelee kuzungusha pete. Simama, subiri mtu aingie kwenye eneo lako, piga. Jizoeze barabarani bila filamu: sema "mita 3" ukiutazama mlango, kisha uthibitishe kwa kamera. Ukishajua mita 3 kwa miguu na macho yako, umeipata nusu ya ufundi huu.

Hatua ya tano: tazama nje ya fremu

Mistari myeupe dirishani inaonyesha mwisho wa picha, na nje ya mistari hiyo bado unaona dunia. Ukiweka lenzi ya milimita 90 au 135 fremu inapungua na dunia ya nje inaongezeka. Unamwona mwendesha baiskeli kabla hajaingia pichani, unachagua sekunde ya kumpokea. Na kwa kuwa hamna kioo cha kuinuka ndani ya kamera, dirisha halifungi wakati wa kupiga. Sekunde ile ile inayokwenda kwenye filamu, wewe pia unaiona.

Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mwaka 1932, na mwaka huo huo alipiga picha ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Alipiga kupitia pengo la uzio wa mbao. Pengo lilikuwa jembamba kuliko lenzi, na ndiyo sababu upande wa kushoto wa picha ilibidi ukatwe. Lile pengo lilimbana, na mtu yule bado yuko hewani mpaka leo.

Hatua ya sita: piga mara moja

Una picha 36. Usipige mtu yule yule mara kumi kwa hofu. Tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, mpiga picha Alberto Korda alikuwa na Leica M2, ndugu wa M3, kwenye hafla ya kuwaombolezea waliokufa katika mlipuko wa meli ya La Coubre. Che Guevara alitokea mbele ya jukwaa kwa muda mfupi. Korda alipata picha mbili, moja ya mlalo na moja ya wima, kisha Che akaondoka. Ile ya mlalo, baada ya kukatwa mtende na mtu wa pembeni, imekwenda kila pembe ya dunia hii kwenye fulana, kuta na daladala.

Kabla ya kubonyeza, toa pumzi. Shikilia viwiko ubavuni. Kwa lenzi ya milimita 50, usishuke chini ya 1/50 ya sekunde ukiwa umeishika kwa mkono. Utasikia mlio mdogo sana, na jirani yako pengine hataujali. Usiitazame kamera kwa nyuma. Hakuna kitu huko.

Ukiwa na kamera ya Kisovyeti ya Zorki 4 badala ya M3, kuna amri moja isiyovunjwa: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe kasi ya pazia. Ukigeuza mpangilio unaweza kuharibu mashine. M3 inakubali mpangilio wowote; Zorki ina msimamo.

Hatua ya saba: rudisha, kisha fungua

Wenzo ukigoma, filamu imekwisha. Usiulazimishe, utaichana. Sogeza wenzo mdogo wa mbele kwenye herufi R, zungusha gurudumu la kurudishia mpaka uhisi filamu imeachia upande wa pili, kisha ndipo ufungue bamba. Anayefungua kwanza na kurudisha baadaye anaichoma kazi ya wiki nzima kwa mwanga wa taa ya sebuleni.

Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha nyumbani. Dawa ya D-76 hupimwa kwa joto la nyuzi 20, na maji ya bomba ya Dar es Salaam hayashuki hapo kwa hiari. Weka barafu nje ya chombo, pima kwa kipimajoto, na uzingatie dakika zilizoandikwa kwa filamu yako.

Hatua ya nane: soma majibu

Sasa inua ukanda wa filamu dhidi ya dirisha. Ikiwa negativu nyingi ni nyembamba na vivuli havina kitu, ulikuwa mchoyo wa mwanga; kesho fungua hatua moja. Ikiwa mandhari ya nyuma ni safi na mtu ana ukungu, ulikosea umbali. Ikiwa vyote vina ukungu wa kwenda upande mmoja, mkono ulitikisika.

Na ikiwa ukanda wote ni mweupe wa kupenya, tazama pembeni. Kiwandani filamu huchapwa namba na jina lake kwa mwanga, na dawa huvitoa pamoja na picha zako. Namba zisipoonekana, kosa ni la aliyesafisha. Namba zikionekana wazi na katikati hamna kitu, dawa imefanya kazi yake: ama filamu haikutembea, ama kifuniko hakikuvuliwa.

Ndiyo maana ninampendekezea kamera hii kila anayetaka kujifunza kupiga picha kwa dhati. Simu hukuficha makosa yako, na mtu asiyeyaona makosa yake hawezi kuyarekebisha. M3 inakurudishia umbali, mwanga, ukingo wa fremu na sekunde yenyewe, uviamue wewe, na ukanda ukikauka unaonyesha uamuzi gani ulikuwa wa nani. Picha nzuri moja kati ya 36 itakuwa yako tangu namba ya tundu hadi namba ya pembeni.