Mabwana wa Fundo

Hatuna budi kuwashukuru mabwana wa Ibanda ambao, tangu alasiri hadi magharibi, hujadili ukingoni mwa ziwa Kivu ni fundo lipi, la Albright au la FG, listahililo kuunganisha mshipi wa kusuka, ambao kwa ulaini wake huteleza fundoni, na kipande cha nailoni kitangulizi, kwa taadhima ambayo makadhi hawakuipata katika mirathi, wala wahandisi walipochimba Suez. Wavuvi, majahili wale, hufunga mitumbwi mitatu kwa miti, huwasha taa usiku, wakainua wavu uliojaa sambaza, dagaa walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, pasipo kuomba fatwa. Asubuhi mabwana huwanunua sambaza hao kwa mafungu, na mjadala huendelea.