Nilivyoisingizia Pilipili

Jumamosi moja ya Januari 2024, joto la Dar es Salaam likiwa limetukaa kooni, nilikuwa nakata kachumbari. Nyumbani kwetu kazi hiyo ni yangu, maana mke wangu anasema ndicho chakula pekee nisichoweza kukiunguza. Vitunguu, nyanya, tango, na pilipili mbuzi mbili za njano zenye makunyanzi. Nikanawa kwa maji matupu bila sabuni. Baada ya muda jicho la kushoto likaanza kuwasha, nikalifikicha.

Kesho yake jicho halikufunguka. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, na nilipozibandua kwa vidole nikaona kwenye kioo taa ya breki. Kesi ikasikilizwa palepale bafuni na hukumu ikatoka: pilipili.

Ubaya wa jicho jekundu ni kwamba halina shati. Jipu la pajani ni siri yako na Mola wako, lakini jicho linakutangulia mlangoni na kusalimia watu kabla yako. Na kila anayesalimiwa ni daktari.

Jirani yetu aliniona naanika nguo. "Baba Zuwena, pole. Maziwa ya mama hayo, matone mawili tu, utanishukuru." Akaongeza kwamba mpangaji wa chumba cha nyuma amejifungua juzi, nikamwombe. Nilimtazama mke wangu kwa jicho moja. Yeye akanitazama kwa yote mawili. Habari ya maziwa ikaishia hapo. Kinyozi wangu alishauri mkojo wa kwanza wa asubuhi, "lakini uwe wako mwenyewe," kana kwamba usafi wa tiba hiyo umelindwa na umiliki. Shangazi alipiga simu kutoka Tanga, akasikia neno jicho, akaamua ni chokea. "Umemchungulia nani akioga?"

Jumatatu kazini, bosi alinisogelea kuliko kawaida, akavuta hewa. Nikajua anatafuta harufu ya bia. Siku hiyo kwenye daladala ya Gongo la Mboto nilikaa siti ya watu wawili peke yangu, saa kumi na mbili jioni. Anayeijua njia hiyo ataelewa kwamba huo ni muujiza.

Nikakumbuka vikongwe wa Kanda ya Ziwa, wanawake waliopikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka nenda rudi mpaka moshi ukawapaka macho wekundu, kisha wakaambiwa ni wachawi na wengine wakauawa kwa hilo. Hapo sikuwa na cha kuchekea.

Usiku nikafungua friji. Ndani kulikuwa na kichupa cha matone alichoacha mama mkwe mwaka uliotangulia baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Kilichoniokoa ni maandishi yake: yameandikwa madogo kiasi kwamba lazima uwe na macho mazima ndipo uyasome. Nikakirudisha.

Jumanne jicho la kulia nalo likawaka. Nikaenda duka la dawa. Binti wa pale hakunigusa. Aliuliza tu: lilianza moja au yote? Linauma au linawasha? Unaona vizuri? Nyumbani nani mwingine anaumwa?

Nikamweleza habari ya pilipili.

"Pilipili haihami, baba," akasema. "Ingekuwa hiyo, ungelia jioni moja yakaisha."

Ndipo nikamkumbuka mpwa wangu wa miaka mitano, mtoto wa dada yangu, aliyerudi kutoka shule Alhamisi na macho kama yangu. Aliangalia katuni kwenye simu yangu, akalalia mto wangu, akajifutia taulo langu. Mji mzima ulikuwa hivyo. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza kuwepo kwa ugonjwa wa macho mekundu. Waghana, ulipowazukia mwaka 1969, waliuita Apollo 11, maana ndio mwaka watu walipotua mwezini. Sisi tumeuita macho mekundu. Washairi walikuwa likizo.

Niliomba antibaiotiki, akakataa kuniuzia. Virusi havisikii dawa hiyo. Vinaondoka vyenyewe baada ya wiki moja au mbili. Nilipomtajia kichupa cha kwenye friji, matone yenye steroidi ndiyo aliyoyakataa kwa ukali zaidi: yanaweza kufifisha wekundu huku maambukizi yakizidi, na yanaweza kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Akaniuzia machozi bandia na pamba. Chemsha maji, yapoe, lowesha pamba, futa kutoka puani kwenda nje, itupe. Jicho la pili pamba nyingine. Kitambaa safi cha maji baridi jicho likikuwasha. Taulo lako, foronya yako, na sabuni kila ukigusa uso.

Nikiwa natoka akaniita. Maumivu makali, mwanga kukuchoma, kuona ukungu au duara kuzunguka taa, kutapika: hayo si ya dukani kwake, ni hospitali siku hiyohiyo. Kichanga mwenye macho mekundu pia. Na fundi aliyerukiwa na chokaa au saruji aanze kwanza na maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, ndipo atafute usafiri.

Nilifuata yote isipokuwa la taulo. Ijumaa mke wangu aliamka na taa moja ya breki, akanitazama kwa muda mrefu, hakusema kitu. Alihamishia taulo lake kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Basi aliyekuja kwetu wiki hiyo alikaribishwa sana, ila tulisalimiana kwa kupunga. Sabuni ilikuwa kwenye beseni la mlangoni. Kachumbari alikata jirani.